Safari Isiyomo Kitabuni

Jumatatu, 3 Machi

Nimevunja kioo cha dirisha la karani. Kwa ngumi. Sikukusudia — au nilikusudia, sijui. Mkono wa kulia umefungwa, naandika kwa wa kushoto, herufi zinakwenda kama kuku aliyekatwa kichwa.

Hii barua ya tatu ya kuninyima mafao. Ya kwanza walisema fomu haikujazwa vizuri. Ya pili, nimechelewa. Leo wamesema yote: tarehe ninayoitaja hakuna msafara uliotoka kambini. Hakuna lori, hakuna bomu, hakuna dereva. Jalada langu linasema niliteleza kwenye ngazi za bweni nikagonga kichwa. Kwa hiyo si ajali ya kazini, kwa hiyo hakuna mafao ya ulemavu, kwa hiyo kwaheri.

Ngazi! Bweni letu lilikuwa hema.

Karani wa ofisi ya wastaafu wa jeshi, yule wa miwani, mpole, alinisomea kwa sauti ya chini kama anayesoma tanzia. Nikamuuliza, hema lina ngazi ngapi? Akasema mama, mimi nasoma kilichoandikwa. Basi ukaja ule mlio masikioni, mwembamba, kama birika linalochemka chumba cha pili. Halafu kioo kikawa chini na damu imetapakaa kwenye fomu za watu. Mzee mmoja kwenye foleni, asiye na mkono, akaniambia wewe bado unayo miwili, itumie taratibu. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, huku mlinzi amenikandamiza sakafuni, goti mgongoni, meno yangu kwenye vumbi.

Karani ndiye aliyewaambia waniachie. Akanifunga kwa leso yake mwenyewe. Akasema hataripoti kioo, atasema upepo. Njia imebaki moja, rufaa. Baraza linakaa tarehe 26. Nilete shahidi aliyekuwepo, aape. Mmoja anatosha.

Mmoja ndiye aliyepo.

Jumanne, 4 Machi

Nyuzi sita. Daktari wa zamu kaniuliza nimepigana na nani. Nikamwambia na serikali. Akauliza nani kashinda. Nikamwonyesha mkono.

Kazini nimevaa glavu, msimamizi hakuona. Nafua nguo za hospitali — miaka sita sasa. Shuka, mashuka, milima ya mashuka. Za thieta, chumba cha upasuaji, huja zimekauka damu, zinasimama zenyewe kama mbao. Unaziloweka maji baridi kwanza. Ukianza na moto damu inang'ang'ania. Kazi nzuri. Haina watu wengi. Kuna mimi kwenye mashine kubwa na Mama Mapacha kwenye pasi kubwa ya kuviringisha, tunapiga soga kwa kupayuka kwa sababu ya kelele. Yeye ndiye mtu pekee ninayecheka naye siku hizi. Leo kaniuliza mkono. Nikamwambia kwa utani nilimpiga karani wa miwani. Akasema shoga, ungeniita, mimi nikushikie miwani yake.

Nayaandika ninayoyakumbuka, maana kwenye baraza wataniuliza.

Saa nne asubuhi, miaka kumi na moja iliyopita. Barabara ya udongo mwekundu. Naendesha mimi. Nyuma mbao — mbao za Mkubwa wa kambi, si za jeshi. Kila mtu alijua na kila mtu aliangalia pembeni. Ndiyo maana safari haikuandikwa kitabuni. Kushoto kwangu Sajini, anamenya karanga, ananipa moja anakula mbili. Nikamwambia afande, mgao gani huo?

Halafu weupe. Si mwanga, weupe. Halafu dari ya hospitali, na wiki tatu zimepita.

Basi. Sina zaidi.

Sajini alipoteza mguu siku ile. Yeye analipwa mafao tangu mwaka ule. Jalada lake linasema aliumia mazoezini, uwanja wa shabaha. Lori moja, bomu moja — yeye akapewa uwanja wa shabaha, mimi nikapewa ngazi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuumiza Mama Mapacha.

Toroli la chuma lilipinduka nyuma yangu. Hilo nalikumbuka, ule mshindo. Kinachofuata ni kwamba nimemkalia mtu kifuani. Wanaume wawili wananivuta kwa nywele na shingo na hawaniwezi. Mkononi nina ile fimbo ya kukorogea nguo kwenye sabuni. Chini yangu uso. Sikuujua uso wa nani. Taya limekaa upande, mdomo wazi, jino limelala kwenye shavu lake kama punje ya mahindi.

Halafu nikaona hereni zake.

Alikuwa amekuja kunituliza. Ndivyo walivyosema. Aliona nimeruka kwa mshindo, akaja kunishika bega.

Msimamizi kaniambia nenda nyumbani, usirudi mpaka uitwe. Hakunisogelea. Aliongea akiwa nyuma ya meza. Mtu mzima, mwili nyumba, anajificha nyuma ya meza kwa ajili yangu.

Nguo zangu zina damu yake. Nimeziloweka maji baridi.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu — Fundi, hata mimi namwita hivyo, mtaa mzima unamwita hivyo — hakuuliza kitu. Aliposikia alikwenda karakana yake, akapiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kama karatasi. Seremala akikasirika hupunguza mbao. Kidole chake cha kati kimepinda. Anawaambia watu ni msumeno. Ni mimi, mwaka juzi, nilipoamka usingizini mchana. Siku hizi akitaka kuniamsha anasimama mlangoni na kuniita kwa jina la utoto mara tatu.

Leo nimeingia chumba cha binti yetu kuchukua mkasi. Ana miaka kumi na sita. Nyuma ya mlango kuna komeo. Jipya, la mti mgumu, limepigwa msasa vizuri, mkono wa Fundi naujua popote. Liko kwa ndani.

Nikamuuliza Fundi, hili la lini? Akasema la Krismasi. Nikasema ananifungia mimi? Akapitisha kidole kwenye ukingo wa komeo. Kisha akasema, "Aliniomba mwenyewe, mama. Mimi nilimtengenezea tu lisimchome mkono."

Nilikaa sakafuni kwenye chumba cha mtoto wangu. Nikalifunga na kulifungua lile komeo. Linateleza vizuri mno. Halina hata sauti.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari wa kichwa. Picha mpya. Kanionyesha kwa ncha ya kalamu: hapa na hapa, kovu. Mlipuko hauhitaji kukugusa, anasema, hewa yenyewe inakupiga, ubongo unatikiswa kama maji kwenye kibuyu. Kifafa kinachoniangusha tangu kule ni hicho, mlio ni huo, hasira ni hizo. "Hasira" ndilo neno nililomwambia mimi. Yeye kasema si hasira. Kasema mwili bado uko siku ile, haujaambiwa imekwisha.

Nikamuuliza hayo ataandika? Ataandika. Lakini anaweza kusema ni mlipuko, hawezi kusema ni mlipuko upi. Dawa mpya ipo, inapunguza haya mambo sana, ila wanaopewa ni walio kwenye orodha ya mafao. Wengine wanajinunulia. Akaangalia viatu vyangu akaacha kuzungumzia kununua.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetoka kwa Sajini. Mdomo umepasuka, bega la kushoto haliinuki. Naandika kabla haijanitoka.

Safari ya saa tatu kwa basi. Ana kibanda sokoni, anachinja kuku na kunyonyoa. Pipa la maji moto, meza ya bati, ndoo ya vichwa. Amenenepa. Alikuwa ameshika jogoo kwa mabawa aliponiona, akamkata bila kuangalia, bila kuniondolea macho. Jogoo akapiga mateke ndani ya koni ya bati ya kuchinjia mpaka akatulia.

Akasema, "Dereva."

Nikasema, "Afande. Mgao wako wa karanga nimekuja kuudai."

Hakucheka. Aliwahi kucheka kwa mambo madogo zaidi.

Nikamweleza yote. Barua, baraza, Mama Mapacha, komeo. Nikamwambia aape tu kwamba tulikuwa lori moja. Sentensi moja. Akaendelea kunyonyoa. Akasema, rudi nyumbani Dereva. Nikasema unaogopa mafao yako. Akasema sema unavyotaka. Nikasema umekula mafao ya mguu miaka kumi na moja, kwa jalada la uongo, na mimi unaniacha nife kwa ngazi. Wateja walikuwa wanasikia. Akasema ondoka. Nikamwita mwoga. Nikamwita mwizi wa mbao.

Sijui nani alianza. Meza ilipinduka, maji ya moto yakamwagika, mwanamke akapiga kelele. Nilimshika shingo. Alinipiga kwa mkongojo, begani kwanza, halafu mdomoni, na nilimsikia akihesabu — ndiyo, akihesabu! Moja, mbili, kama mtu anayetaka kujua lini aache. Nikaangukia kwenye manyoya. Halafu kifafa.

Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa kwenye paja lake zima, lile lililobaki. Mkewe ananipangusa uso. Sajini alikuwa analia. Hakujificha. Kamasi, machozi, manyoya ya kuku kwenye ndevu. Akasema, "Kuna kitu hukijui, Dereva. Kutokijua ndiko kulikokuacha hai. Usiniombe nikuue."

Nikasema kitu gani. Akatikisa kichwa. Akanipandisha basi mwenyewe na kuniwekea kuku kwenye mfuko. Nimekuja na kuku mapajani safari nzima, bado wa moto.

Jumapili, 16 Machi

Fundi kataka kwenda kumpiga Sajini. Fundi! Mtu ambaye akiona mende humfungulia mlango. Amevaa viatu, amevua, amevaa tena. Nikamwambia Sajini nilimkaba mimi kwanza, pengine. Akauliza pengine? Nikasema pengine.

Kuku tumemla. Binti kasema mtamu. Hakujua kuku ametoka wapi.

Kitu gani hicho nisichokijua?

Jumatano, 19 Machi

Nilikwenda wodini. Nilizunguka jengo mara mbili kabla ya kuingia. Mama Mapacha taya limefungwa kwa waya, anakula kwa mrija. Uso umevimba, jicho moja halifunguki. Mapacha wake wawili, mabinti wakubwa, walisimama waliponiona. Mmoja kanitemea mate. Yakashuka kwenye blauzi. Mama yao akagonga kitanda kwa kiganja, pa! wakatoka nje.

Hawezi kuongea. Aliandika kwenye daftari la mwanawe. Aliandika: Hukuwa wewe. Nilikuona macho.

Nilisema ilikuwa mimi. Mikono ilikuwa yangu.

Akaandika: Polisi walikuja jana. Nimewaandikia niliteleza sabuni.

Niliteleza. Neno lilelile. Nikamwambia waite, uwaambie kweli, mimi nitakaa hapahapa kwenye kiti niwasubiri. Sitaki mtu mwingine aandikwe ameteleza! Nesi akachungulia. Mama Mapacha akanishika mkono wenye nyuzi, akaubana mpaka ukaniuma, akaandika kwa mkono mwingine herufi kubwa: UNA MTOTO. TAFUTA DAWA.

Kisha chini, ndogo: Jino umeniachia pengo mbele, nitapata mchumba kweli?

Nililia pale hadi mapacha wakarudi. Yule aliyenitemea mate akanipa kitambaa, bila kuniangalia.

Jumatatu, 24 Machi

Sajini kaja.

Saa tano asubuhi, mkongojo na mfuko wa plastiki. Sijui nyumba aliijuaje. Fundi alimzuia kwenye mlango wa karakana akiwa na nyundo. Sajini akasema, shemeji, nipige baadaye, kwanza niseme. Tukakaa watatu kwenye vumbi la mbao. Fundi hakuachia nyundo.

Naandika alivyosema.

Bomu lililipuka chini ya gurudumu la upande wake. Dashibodi ikamshukia mguuni, akabanwa. Mimi nilitoka mwenyewe. Nilisimama. Damu masikioni, anasema, lakini nilitembea vizuri, nikazunguka lori kama ninayekagua matairi. Nikatoa spana ya magurudumu. Alidhani nakuja kumtoa nayo.

Mtu akatokea shambani. Mkulima. Mtu wa makamo, kaptula, peku, ana dumu la maji. Alisikia mlipuko akakimbilia kwetu — watu wengine hukimbia upande wa pili, yeye alikimbilia. Alikuwa anasema kitu. Sajini alimsikia: pole dada, pole dada, kaa chini. Mimi sikusikia, masikio yalikuwa yamekufa. Akaja nyuma yangu. Akaniwekea mkono begani.

Nilimpiga kwa spana. Alianguka kwa pigo la kwanza. Sikuacha. Sajini alipiga kelele, alivuta mguu wake mwenyewe utoke, akasikia ukichanika, haukutoka. Alihesabu, kwa sababu hakuwa na la kufanya ila kuhesabu. Kumi na saba. Kuanzia la tano, anasema, hakikuwa tena kichwa.

Halafu nikakaa chini kando yake. Nikachukua dumu lake nikanywa maji. Nikamuuliza Sajini kwa upole, afande, injini umezima?

Kapteni wetu, ndiye Mkubwa wa kambi, akaja na gari la pili. Aliona, akaelewa, akaangalia mbao. Wakachimba kando ya barabara. Mbao wakazihamisha, lori wakalichoma. Sajini alitia saini akiwa machela, mguu ukining'inia kwa ngozi. Uwanja wa shabaha kwake, ngazi kwangu. Kapteni alimwambia: huyu mwanamke hakumbuki, mwache hivyo, ukisema atanyongwa yeye.

Fundi aliweka nyundo chini. Polepole, kama yai.

Sajini akasema, "Siwezi kuapa nusu, Dereva. Wakiniuliza baada ya bomu nini kilifuata, nitasema. Nikiapa ni yote. Mafao yangu wachukue, nitachinja kuku. Lakini uamuzi ni wako. Ukisema nisije, siji, na sitakuchukia."

Nilimuuliza mtu yule alikuwa na sura gani.

Akasema, "Kabla?"

Jumanne, 25 Machi

Nimekaa tangu alfajiri nikijaribu kukumbuka. Hakuna. Nimeshika spana ya Fundi, nimefumba macho. Chuma tu. Nimejiwekea mkono begani. Hakuna. Nimeua mtu aliyeniletea maji na sina hata picha yake. Ni kama nimeambiwa habari za dereva mwingine. Halafu namwona Mama Mapacha chini yangu, hereni zake, na najua. Si dereva mwingine.

Nimepiga ukuta kwa kichwa. Fundi alinikumbatia kwa mbele, tukaanguka wote, nikamng'ata bega, hakuachia. Tukalala hapo kwenye vumbi la mbao tukihema kama mbwa.

Akasema tusiende kwenye baraza. Tutaishi hivihivi. Ataongeza kazi, nitakaa nyumbani, makomeo yapo. Alisema hivyo kabisa, makomeo yapo, kisha akasikia alichosema akafunika uso.

Maana ubaya wake ni huu: yule mtu ndiye ushahidi wangu mkubwa. Daktari angeona nilichomfanyia siku ile, asingehitaji picha ya kichwa. Nikitaka dawa ya kunizuia nisiue, lazima niseme nimeua.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Kasikia yote, jana pia alisikiliza dirishani. Nilitegemea akimbie. Alikuwa mweupe midomo, amejishika viwiko. Hakusogea karibu. Akauliza kutoka palepale:

"Mama, kwao wanajua alipo?"

Nikasema nani?

"Huyo mtu. Nyumbani kwake. Wanajua amezikwa wapi, au bado wanamngoja?"

Fundi akamwambia nenda ndani. Hakwenda. Alingoja jibu. Miaka kumi na moja nimelilia safari yangu isiyoandikwa kitabuni. Yule mtu hajaandikwa popote.

Nimempigia Sajini simu. Nikamwambia njoo, na useme amezikwa kilomita gani.

Jumatano, 26 Machi

Naandika koridoni, benchi la tatu. Saa nne na nusu. Fundi yuko kushoto, amevaa shati la harusi, limembana. Tumeambiwa shahidi anaingia kwanza, mimi nitaitwa.

Sajini ameingia dakika ishirini zilizopita. Alijipigia saluti kwenye kioo cha mlango, mjinga yule. Amevaa nishani zote mbili.

Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya chini. Sasa inapanda. Maneno mengine nayapata. Mbao. Kapteni. Daraja la pili baada ya kinu. Kila akitaja kitu kuna mtu anamkatiza, na yeye anarudia, mzito, kama mtu anayepigilia msumari kwenye mti mgumu.

Nimesimamisha kuandika kidogo. Kaja mwanasheria wa jeshi. Suti nzuri, sauti nzuri. Kachuchumaa mbele yangu kama daktari wa watoto. Anasema wameliangalia jalada upya asubuhi hii. Kumbe kulikuwa na makosa ya uandishi! Si ngazi. Ni mazoezini, uwanja wa shabaha. Pole sana kwa usumbufu. Mafao yote, tangu siku ile. Dawa kuanzia kesho. Nitie saini hapa, niondoe rufaa, na yanayosemwa humo ndani yatafutwa kwa sababu rufaa itakuwa haipo. Shahidi naye hataguswa. Akasema kwa kunong'ona kwamba anajua ninachojua, na kwamba baraza likinisikia mimi mwenyewe nikikiri, yeye hataweza kunisaidia. Polisi wako chini. Si vitisho, mama, nakwambia kama ndugu.

Karatasi iko magotini. Kalamu yake ni nzito, ya chuma.

Shingo yake iko karibu sana. Ana mshipa unaopiga juu ya kola. Mlio umeanza. Nimeweka mikono chini ya mapaja yangu nikaikalia, nikahesabu vigae, arobaini na mbili. Mlio umepungua. Nimechukua tena daftari. Anadhani naandika maswali ya kumuuliza. Kasema chukua muda wako, huku anaangalia saa.

Fundi kaisoma karatasi mara mbili. Namwona anavyoshika kidole chake kilichopinda. Naijua hesabu anayoipiga: binti, dawa, mlango usiofungwa. Sitamlaumu akisema tia. Hajasema.

Humo ndani wamenyamaza wote. Halafu Sajini, wazi kabisa, hata mwanamke anayefagia mwisho wa korido amesimama:

"Hapana mheshimiwa, si tukio. Usiandike tukio. Andika mtu. Alikuwa na dumu la maji, andika."

Kiti kimeanguka. Watu wanasema wote pamoja.

Mwanasheria kasimama. Kasema sasa mama, kabla hawajafungua. Nimemuuliza: kwenye karatasi hii yule mtu yuko mstari wa ngapi? Akasema mtu gani? Nikamwambia huyo anayesemwa. Akasema hii karatasi inakuhusu wewe tu.

Mlango umefunguka. Karani wa miwani, yeye mwenyewe, kumbe ndiye anayeita leo. Ameiona karatasi, amemwona mwanasheria, amevua miwani. Ameniita kwa namba yangu ya jeshi, yote, bila kusoma.

Nimesimama. Naandika nimesimama, daftari ukutani. Mwanasheria amenyoosha kiganja anataka kalamu yake au karatasi, sijui kipi. Karatasi haina saini. Fundi anasema kitu, mlio unamfunika, naona midomo tu. Karani anaita mara ya pili. Najua nikivuka kizingiti wataniuliza jina kwanza, halafu kazi, halafu wataniambia eleza kwa ukamilifu, kuanzia ulipotoka kambini hadi —